Pangaboi

Linaanza pole, kama mtu anayekohoa kwa adabu.
Namba tatu: tkwa, tkwa, tkwa.
Namba nne, boriti inajibu.
Namba tano hakuna aliyethubutu
tangu Ramadhani iliyopita.

Mama amelivuta godoro lake hadi ukutani.
"Hino itanitinda siku moja," asema,
"na kofia ya watu haijaisha."
Analala na joto la Februari kifuani
kama mgeni asiyejua kuaga,
anajipepea kwa jalada la daftari la Zuena.

Fundi Shebwana alikuja Jumanne.
Alisimama mlangoni, hata viatu hakuvua,
akainua kidevu:
"Tupeni hili. Nunueni jipya."
Mia tano, ya kuinua kidevu.

Basi leo, baada ya adhuhuri,
nimezima swichi kubwa chini ya ngazi,
nimepandisha stuli juu ya meza
nami juu ya stuli,
na Zuena amekumbatia miguu ya meza
akisoma kimoyomoyo dua ya safari.

Huku juu ni nchi nyingine.
Nauona mgongo wa kabati: mpira uliopotea,
boksi la viatu vya harusi, mjusi aliyekauka.
Juu ya mabawa vumbi limelala, zito, jeusi,
laini kama manyoya ya paka aliyeshiba.
Nakaza skrubu za kikombe cha juu,
moja ilikuwa ikishikilia kwa jina tu.
Nakaza za mabawa.
Nachukua chelewa ya ufagio, napima
kutoka dari hadi ncha ya kila bawa:
sawa,
sawa,
na la tatu sawa.
Hakuna lililopinda.
Nini basi kinatikisa?

Nikalipangusa bawa la tatu kwa kanga kuukuu
na chini ya vumbi kikatokea kiraka:
duara safi, limezungukwa na gundi iliyokauka
rangi ya chai ya mkandaa.
Upana wa shilingi kumi.

Baba hakuniambia.
Baba hakueleza kitu alichokitengeneza;
ukimuuliza, "Kimepona," basi, anaomba maji ya kunawa.
Miaka ishirini na sita alipima mizigo Kilindini,
gunia alilijua uzani kwa kulitazama likishushwa.
Na alilala hapa, chali, chini ya bawa hili,
akalisikiliza, nadhani, usiku mmoja au miwili,
akajua limepungukiwa na nini.

Nami hiyo kumi niliiona.
Nilifagia uvungu siku ya arubaini yake,
ikatoka na kipande cha plasta mgongoni.
Niliibandua kwa ukucha,
nikampa Zuena akanunue mabuyu.
Alirudi midomo myekundu.
Nyumba imejaa watu, sufuria za pilau uani,
nani angeuliza shilingi imetoka wapi?

"Zuena, nipe kumi."
"Ya nini?"
"Deni lako la mabuyu."
Hakuelewa, akanipa.
Kumi ya siku hizi ina simba,
ile ya zamani ilikuwa na kichwa cha mtu,
sijui kama uzani wao ni mmoja.
Nikamlaza simba ndani ya duara,
nikambana kwa plasta ya kidonda,
nikashuka na magoti yanayotetemeka
kuliko pangaboi lenyewe.

Namba tatu: upepo, upepo tu.
Namba nne, boriti kimya.
Zuena akaizungusha hadi tano kabla sijamkataza.
Likatetemeka kidogo,
kama mkono wa mzee unaopeleka kikombe mdomoni,
na karatasi zote za hesabu zikaruka kitandani.

Mama alikuwa kule kule ukutani,
sindano inaingia, sindano inatoka.
Hakuinua macho.
"Yeye," akasema, "alitia plasta mbili.
Kwa msalaba."

Nikazima.
Nikaipandisha tena stuli.